Saa Kumi

Baba aliniachia vitu vitatu:
koti la mvua lenye tundu kwapani,
kisu chembamba cha kugemea,
na mashina arobaini na mawili ya mianzi bondeni,
pale ukungu wa Kidabaga unapolala hadi saa nne
kama mgonjwa asiyetaka kufunuliwa shuka.

Kiu hakuniachia. Kiu niliitafuta mwenyewe.

Mgeni akionja ulanzi husifu utamu wake.
Hajui kwamba mwanzi hautoi kinywaji
mpaka uukataze kuwa mwanzi.
Chipukizi likichomoza, bichi, lenye manyoya,
unalikata ncha, unalivisha mbeta,
asubuhi unalichonga, jioni unalichonga,
kila siku jeraha juu ya jeraha la jana,
nalo linatiririka, linatiririka,
mpaka linaoza limesimama,
halijazidi kimo cha mtoto.

Nilijua hayo tangu nikiwa mdogo,
kama mtu anavyojua jina la mbwa wa jirani.

Twilumba alipokuwa darasa la tano
mwalimu aliwaambia wachore kazi za wazazi wao.
Alinichora nimekaa.
Kigoda, kopo, miguu miwili mirefu kuliko haki yake.
Nyuma yangu akachora mianzi inayogusa mawingu,
mianzi ambayo hatukuwa nayo.
Hakunisema kwa neno lolote. Aliomba tu gundi.

Sikuacha siku ile.
Wanaosema waliacha kwa siku moja nawaheshimu,
ila sijakutana nao.
Mimi niliacha Jumatatu, nikarudi Alhamisi.
Niliacha Kwaresima nzima,
na Pasaka ikanikuta kilabuni kwa Mama Kiponza
nikiimba sauti ya tano, ambayo kwaya haina.
“Lukelo,” walicheka, “tulidhani umeokoka!”
Wakanisogezea mkangafu,
na mimi nikasogea.

Kupanda milima ya huku nimezoea tangu nazaliwa,
na gunia la viazi kichwani.
Ulionishinda haukuwa na mawe wala matope:
ulikuwa saa kumi jioni.
Mkono unaanza kutafuta kopo
kama kifaranga kitafutavyo bawa.

Januari mvua zikashuka, machipukizi yakatoka.
Nikateremka na kisu.
Mkono ulijua kazi yake, ulitangulia,
mimi nikabaki nyuma, nikisitasita.
Nilisimama mpaka maji yakaingia kwa lile tundu la kwapani
yakafika mbavuni, yakafika kiunoni.
Nikapanda nyumbani na kisu kisicho na utomvu.

Wiki mbili baadaye niligema mashina matatu.
Naliandika hili ili nisije nikalisahau.
Thelathini na tisa niliyaacha.

Kufikia Machi yalikuwa yamenipita kichwa.
Usiku niliyasikia yakivua maganda,
sauti ndogo, kama mtu anayefungua barua.

Ikanibidi kungoja miaka mitatu mianzi ikomae.
Kungoja nako nilikuwa sikujui.

Siku hizi kisu kilekile kinapasua fito.
Nasuka matenga ya nyanya, yanashuka Ilula.
Tenga la kwanza lilifumuka barabarani,
nyanya zikabingirika mpaka mtaroni,
tajiri akanitukana mpaka ukoo wa mama.
La pili lilipinda.
La tatu lilisimama kwa kuegemea ukuta,
kama mimi zamani.
La nne, sikumbuki. Nadhani lilikuwa tenga tu.

Yale matatu niliyoyagema
yamebaki mafupi, na ncha nyeusi.
Sijayang'oa.

Na saa kumi bado inakuja.
Haibishi hodi, ina ufunguo wake.
Inaketi kwenye kigoda, inaniangalia vidole.
Mwanzoni niliifukuza, ikarudi na wenzake.
Sasa naikaribisha kazini:
shika ncha hiyo ya ufito, naiambia,
kaza,
nivute.